Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya na bima: MS haisubiri kibali

Dar es Salaam,
30 Mei

Kwa Waheshimiwa mnaoongoza sekta ya afya, mnaopanga orodha ya taifa ya dawa muhimu, na mnaoidhinisha mafao ya bima ya afya.

YAH: KUCHELEWESHWA KWA UCHUNGUZI NA MATIBABU YA WAGONJWA WA MS

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mkazi wa jiji hili, mhasibu kwa kazi, na nina ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao wagonjwa na madaktari wetu tunauita MS tu. Naandika hadharani kwa sababu njia za kawaida zimegonga ukuta. Nilianza kwenye dawati la malalamiko la hospitali ninayotibiwa. Nikaenda kwa mfuko wa bima ambao mwajiri wangu anauchangia. Kisha nikapanda ngazi kama taratibu zinavyotaka, barua mkononi, nakala imegongwa muhuri. Jibu limekuwa lile lile: suala lako limepokelewa, linafanyiwa kazi. Jina la hospitali na la mfuko nayahifadhi, kwa kuwa nimeongea na wagonjwa wenzangu wanaotibiwa kwingine na wenye kadi za mifuko mingine, na habari zetu zimefanana mno. Hili si kosa la karani mmoja.

Kiini cha malalamiko yangu ni muda. Katika MS, uzi wa neva uliokufa haurudi. Faili likilala mezani miezi mitatu, ugonjwa haulali nalo. Naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya ulemavu mnaouona kwa wagonjwa wa MS nchini haikuletwa na ugonjwa peke yake, imeletwa na ugonjwa pamoja na foleni.

Nieleze kwanza ugonjwa wenyewe, maana mojawapo ya majibu niliyopewa kwa mdomo ni kwamba "huu ugonjwa haueleweki." Unaeleweka. Daktari Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, na tangu hapo haujaacha kuchunguzwa.

Nyuzi nyingi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na macho zimefunikwa na utando wa mafuta na protini uitwao mayelini. Utando huo ndio unaoupa ujumbe kasi. Neva zenye mayelini nene zinaweza kupeleka ujumbe kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde. Nyuzi ambazo kwa maumbile hazina mayelini huenda mita moja au mbili tu, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Kwa mwenye MS, chembe za kinga ya mwili, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huingia kwenye ubongo na uti wa mgongo na kuanza kuushambulia utando huo. Panaposhambuliwa pana uvimbe, kisha kovu. Ujumbe ukifika hapo huchelewa, hukatika, au hufika umevurugika. Baadaye uzi wenyewe, ukishabaki bila kinga, hunyauka na kufa.

Kovu linaweza kutokea mahali popote, ndiyo maana hakuna wagonjwa wawili wa MS wanaolingana. Likiwa kwenye neva ya jicho, jicho linauma ukiligeuza, picha inaingia ukungu, na rangi zinapauka, hasa nyekundu: kanga yako nyekundu unaiona kama iliyoloekwa kwenye jiki. Likiwa kwenye uti wa mgongo sehemu ya shingo, ukiinama kufunga kamba za viatu mshituko kama wa umeme unashuka mgongoni hadi miguuni. Kuna ganzi inayoanzia nyayoni na kupanda hadi kiunoni. Kuna kubanwa kifuani au tumboni kana kwamba umefungwa mkanda ambao hakuna mtu anayeuona. Miguu inakakamaa usiku. Mtu anapepesuka mchana kweupe, na jirani anasema kwa sauti ya kusikika kwamba fulani siku hizi ameanza pombe. Kibofu kinaweza kukataa kusubiri, au kikakataa kutoa. Kumbukumbu inapungua makali, na huzuni inaweza kuingia, nayo mara nyingine inatokana na ubongo ulioshambuliwa, si unyonge wa moyo kama wengi wanavyodhani. Juu ya yote hayo kuna uchovu. Si uchovu wa aliyefanya kazi. Ni uchovu wa kuamka asubuhi ukiwa umeshakwisha.

Wagonjwa 85 hivi kati ya kila 100 huanza na aina inayokuja na kuondoka: shambulio la siku kadhaa au wiki kadhaa, kisha nafuu, kisha shambulio jingine baada ya miezi au miaka. Wachache huanza na aina inayoshuka polepole bila kupumzika. Ugonjwa huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 50, na wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume. Kwa maneno mengine, ni watu walio kazini, wanaolea, na wanaolipa hizo kodi na michango ya bima.

Baada ya hayo, haya ndiyo malalamiko.

1. Ugonjwa unagunduliwa umeshakula.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye uozo mkubwa zaidi.

Shambulio la MS kwa kawaida hupoa lenyewe, hata usipotibiwa chochote. Matokeo yake ni kwamba kila aliyekupa kitu wiki ile anapata sifa. Ulimeza dawa za taifodi, ganzi ikapungua: kumbe ilikuwa taifodi. Ulipewa dawa za UTI, kibofu kikatulia: ilikuwa UTI. Uliombewa, jicho likafunguka: ushuhuda ukatolewa kanisani. Ulipelekwa kwa mganga, akatoa jini, na ukatembea: jini limetoka, na mganga kachukua mbuzi wake. Mimi siwalaumu wanaoomba, nami naomba. Ninachosema ni kwamba ugonjwa unaojificha hivi hauwezi kugunduliwa na mtu anayeangalia dalili ya leo tu bila kuuliza ya mwaka jana. Na katika vituo vyetu ya mwaka jana haiulizwi, kwa kuwa iliandikwa kwenye daftari la shule ambalo lilishapotea, au iko kwenye mfumo wa kituo kingine ambao hausomani na huu.

Madaktari wana vigezo. Vinaitwa vigezo vya McDonald, vilitolewa mara ya kwanza 2001 na vimeboreshwa mara kadhaa. Msingi wake unaelezeka kwa lugha ya kawaida: thibitisha kwamba uharibifu umetokea sehemu zaidi ya moja ya mfumo wa fahamu, kwamba (kwa matoleo ya kabla ya 2024) hautokani na tukio moja, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza dalili hizo vizuri zaidi. Picha ya MRI, ile inayopigwa kwa mashine ya sumaku kuonyesha ndani ya mwili, ndiyo shahidi mkuu. Maji ya uti wa mgongo yanaweza kuongeza ushahidi wa kinga inayofanya kazi kupita kiasi ndani ya mfumo wa fahamu.

Hilo sharti la mwisho, la kuondoa magonjwa mengine, kwetu lina uzito wake, na nalikubali bila ubishi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo. Kaswende ipo. VVU vinaweza kudhoofisha miguu, upungufu wa vitamini B12 vilevile. Kuna konzo, kupooza miguu kunakotokana na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, ambayo Tarime waliijua miaka ya 1980. Na kuna ndugu wa karibu wa MS, ugonjwa uitwao NMO unaoshambulia neva za macho na uti wa mgongo, ambao kingamwili yake (alama inayopimwa kwenye damu) iligunduliwa 2004 na ambao huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia. Huu wa mwisho si wa kuchanganywa na MS hata kidogo, kwa sababu baadhi ya dawa za MS, interferoni ikiwemo, zinaweza kuuzidisha. Kwa hiyo daktari anayesita kuandika MS siku ya kwanza simlaumu. Namlaumu anayeandika "msongo wa mawazo" na kufunga faili bila kupima hata kimoja kati ya hivyo.

Ninachokililia hapa hakihitaji mashine mpya. Kijana anayepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja huku likimuuma, au anayepanda ganzi hadi kiunoni, au ambaye miguu yake imelegea ndani ya siku chache, aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu kwa rufaa ya moja kwa moja, bila kupitishwa ngazi zote za zahanati, kituo cha afya, wilaya na mkoa na kila ngazi ikianza na kipimo cha malaria. Mwongozo wa ukurasa mmoja unatosha. Ubandikwe ukutani kwenye vyumba vya madaktari, pale pale palipo na chati ya dozi za watoto.

2. Tunaambiwa ni ugonjwa wa wazungu.

Nimeambiwa hivyo na watu wenye shahada. Ni kweli kwamba MS hupatikana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, na Afrika kusini mwa Sahara takwimu ziko chini. Duniani wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 2.8. Lakini ramani ya MS ni ramani ya mashine za MRI pia. Pasipo na kipimo hapana mgonjwa, na pasipo na mgonjwa hakuna anayenunua kipimo. Mzunguko huu unawafaa wapanga bajeti, hauna faida kwa mtu mwingine.

Richard Pryor, mchekeshaji wa Marekani, aligunduliwa na MS mwaka 1986. Mtangazaji Montel Williams, 1999. Wote weusi. Na utafiti uliofanywa kusini mwa California na kuchapishwa 2013 ulikuta kwamba wanawake weusi walikuwa wakipata MS kwa kiwango kikubwa kuliko wazungu wa eneo lile lile. Ukiwapa watu weusi madaktari na mashine, ugonjwa unaonekana.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilifikiria nashangaa kwa nini halisemwi. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya kufuatilia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani wapatao milioni 10, wakaonyesha kwamba hatari ya kupata MS hupanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Karibu watu wazima wote duniani wanabeba virusi hivyo, kwa hiyo havitoshi peke yake kuleta MS. Lakini bila hivyo ugonjwa unaonekana kuwa nadra mno. Sasa virusi hivyo vilipatikana wapi? Vilionekana mara ya kwanza London mwaka 1964, ndani ya vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Kampala, vya watoto wa Uganda waliokuwa na saratani ambayo daktari Denis Burkitt alikuwa akiichunguza katika hospitali ya Mulago. Sayansi ya MS imefika ilipo leo kwa kupitia miili ya watoto wa Afrika Mashariki. Halafu mgonjwa wa Afrika Mashariki anaambiwa ugonjwa wake ni wa Ulaya.

3. Dawa ipo, kibali hakipo.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Ya tatu ndiyo inayonihusu na ndiyo inayoniuma. Rituksimabu si ngeni. Imo kwenye orodha hiyo hiyo tangu 2015 kwa ajili ya saratani za tezi za limfu, na wauguzi wa saratani wanaijua kama wanavyoijua dripu ya maji ya chumvi. Huondoa kwenye damu aina fulani ya chembe za kinga, zile zinazoshiriki katika kuishambulia mayelini. Kwa MS hutolewa kwa dripu, mara nyingi kila baada ya miezi sita. Uswidi imewapa maelfu ya wagonjwa wa MS.

Mfuko wangu ulijibu kwamba dawa hiyo hulipiwa kwa saratani, haimo kwenye kitita kwa ugonjwa wangu. Chupa ni ile ile. Friji ni lile lile. Muuguzi ni yule yule. Kinachotofautiana ni mstari ulioandikwa kwenye fomu.

Najua utetezi utakaokuja, nao naujibu mapema. Mtasema ni ghali. Mimi ni mhasibu. Nipeni daftari zima, si ukurasa mmoja. Nakala za rituksimabu zimekuwa zikitengenezwa India tangu 2007, na anayenunua kwa niaba ya taifa hauziwi kwa bei ya anayenunua chupa moja dukani. Kwenye upande wa pili wa daftari andikeni kiti cha magurudumu, mipira ya mkojo, kulazwa kwa vidonda vya mgongo, mshahara wa miaka 25 ambao hautalipwa wala kukatwa kodi, na binti wa familia aliyeachishwa shule ili amgeuze mama kitandani. Kisha jumlisheni.

Mtasema dawa ina hatari. Ina. Hushusha kinga, na inaweza kuamsha homa ya ini aina ya B kwa aliyewahi kuipata, ndiyo maana mgonjwa hupimwa kwanza homa ya ini, na kwa nchi yetu kifua kikuu hakisahauliki. Vipimo hivyo vipo na si vya ajabu. Hatari inayopimika si sababu ya kumwacha mtu na hatari ambayo ina uhakika.

Mtasema pia kwamba tunatibiwa tayari, kwa sababu tunapewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Tunashukuru kwa steroidi. Dripu za methilpredinisoloni kwa siku tatu hadi tano hufupisha shambulio, na zinapatikana. Lakini hazizuii shambulio linalofuata, wala hazibadilishi mgonjwa atakavyokuwa baada ya miaka kumi. Kumpa mwenye MS steroidi kila anapoanguka na kumrudisha nyumbani ni kuzima moto kila wiki na kumwachia mchomaji kiberiti.

Na pale ambapo dawa imeidhinishwa, isikatike. Zipo dawa za MS ambazo zikisimamishwa ghafla ugonjwa hurudi kwa kishindo kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mgonjwa anayetumia dawa ya namna hiyo akiambiwa dirishani "imeisha, jaribu mwezi ujao," hajacheleweshwa tu. Ameumizwa.

4. Joto, mabenchi na vyoo.

Hili linaweza kuonekana dogo ofisini kwenye kiyoyozi. Mwili wa mwenye MS ukipata joto, hata la nusu nyuzi, dalili za zamani hufufuka: jicho linaingia ukungu, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza jambo hili mwaka 1890, na kabla ya MRI kuwapo madaktari walikuwa wakiwatumbukiza watu kwenye maji ya moto ili kuona kama dalili zitajitokeza. Mtu akipoa, dalili hurudi nyuma. Neva haijaumia upya, imeshindwa tu kupitisha ujumbe kwenye joto.

Kipimo hicho cha maji ya moto sisi wa Dar es Salaam tunafanyiwa bure. Mwezi wa Februari, chini ya paa la bati, kwenye benchi, tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, feni moja na umeme unaokatika. Ikifika zamu yako unaingia kwa daktari ukiburuza mguu, na anaandika kwamba ugonjwa umesonga. Choo kiko mwisho wa korido, kimefungwa, ufunguo uko kwa sista, na sista yuko kwenye mzunguko wa wodi. Sitaeleza zaidi; kila mwenye MS anayesoma hapa anajua kilichofuata.

Wapewe wagonjwa wa mfumo wa fahamu miadi ya asubuhi kabisa, yenye saa maalumu. Choo kifunguliwe. Mambo haya hayahitaji kikao cha bajeti.

5. Kazini na nyumbani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Ni sheria nzuri kwa aliyevunjika mguu. Kwa mwenye ugonjwa unaokuja na kuondoka maisha yake yote, siku hizo zinaisha kwa vipande vipande, wakati huo huo mtu anaonekana mzima. "Si jana tu ulikuwa unatembea?" Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri amwekee mazingira mfanyakazi mwenye ulemavu, ila mwajiri anayesubiri kuona fimbo hawezi kuona uchovu wala kibofu. Tunahitaji mwongozo kwa waajiri unaotaja magonjwa ya aina hii kwa jina, ili kuanza kazi mapema kabla ya jua kali, au kufanyia nyumbani siku mbili tatu, kusiwe hisani ya bosi.

Na wasichana waache kuambiwa kwamba MS ndiyo mwisho wa kuzaa. Ugonjwa huu hauzuii mimba. Mashambulizi hupungua katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na huongezeka miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, jambo linalopangika kama kuna daktari wa kupanga naye. Kuna dawa zisizofaa kabisa wakati wa mimba, kladribini mojawapo, na ndiyo sababu mazungumzo hayo yafanyike mapema, yasisubiri mtu afike kliniki ya wajawazito. Nimeshuhudia uchumba ukivunjwa kwa ushauri wa mtu mwenye koti jeupe aliyekuwa hajui anachokisema.

Waheshimiwa, mnaweza kujibu kwamba wagonjwa wa MS ni wachache na nchi ina malaria, ina VVU, ina vifo vya wajawazito. Uchache huo umehesabiwa na nani, kwa daftari gani? Nchi zetu wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha Mei 2022 mpango wa kimataifa wa kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu, unaofika hadi 2031. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwenye jina la sheria hiyo kuna "wote." Sikuona mahali palipoandikwa isipokuwa wachache.

Kwa hiyo ninachoomba, kwa niaba yangu na ya wenzangu walioniruhusu kusema, ni hiki. Dawa tatu za MS zilizotajwa na Shirika la Afya Duniani ziwe na nafasi yake kwenye mwongozo wa matibabu na kwenye vitita vya bima, na rituksimabu ianze kulipiwa kwa MS sasa, kwa kuwa haihitaji kuletwa upya. Kibali cha dawa ya MS kikiombwa, kijibiwe ndani ya siku kumi na nne kwa maandishi, ndiyo au hapana, na hapana iwe na sababu na jina la aliyeitoa, ili mgonjwa ajue anakata rufaa kwa nani. MRI ya kichwa na uti wa mgongo kwa mwenye dalili nilizozitaja ihesabiwe kuwa ya dharura. Kipimo cha kingamwili ya yule ndugu wa MS kipatikane, hata kama ni kwa kukusanya sampuli na kuzipeleka maabara moja. Pawepo daftari la taifa la wagonjwa wa MS na magonjwa yanayofanana nayo, lenye siri zao zikilindwa. Na mtuteulie afisa mmoja wa kuzungumza naye, mwenye jina na simu inayopokelewa.

Sihitaji kuitwa kwenye kikao cha kupongezwa kwa ujasiri. Nahitaji tarehe. Dripu yangu inayofuata ilipaswa kuwa imeshatolewa, na fomu ya kibali bado iko kwenu.

Wenu mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu mwenye MS,
Dar es Salaam.
(Jina kamili, namba ya uanachama na nambari za barua zangu za awali viko kwenye nakala iliyowasilishwa masjala.)

Nakala:
Kamati ya Bunge inayoshughulikia masuala ya afya
Vyama vya kitaaluma vya madaktari na wafamasia
Vyama vya watu wenye ulemavu
Wagonjwa wenzangu, popote mlipo